Chumba cha Molly: Binti, Mama wa Kambo na Neno 'Mama' katika Riwaya ya Elizabeth Gaskell

1.0 Utangulizi

Katika riwaya ya Wives and Daughters, ambayo jina lake kwa Kiswahili laweza kuwa 'Wake na Mabinti', limo tukio dogo ambalo msomaji mwenye haraka huweza kulipita bila kulitazama mara mbili. Baba yake Molly Gibson, daktari wa mji mdogo wa Hollingford, ameoa. Mke mpya anatembea ndani ya nyumba akiamua lipi libaki na lipi liondoke. Anafika chumbani kwa Molly, anaviona vyombo vya zamani, naye anatangaza kwa furaha kuwa vyote vitabadilishwa: kitanda kipya, zulia jipya, meza mpya ya kujipambia. Molly anaomba chumba chake kiachwe kama kilivyo. Anaambiwa kwamba huo ni upuuzi, kwani msichana yeyote angeshukuru kuondolewa vitu vinavyofaa kutupwa stoo. Ndipo Molly, kwa sauti ya chini sana, anaeleza kwamba vyombo hivyo vilikuwa vya mama yake mzazi kabla hajaolewa.

Mama wa kambo hakasiriki. Anakiri kwamba hisia hizo ni njema na zinampa heshima binti, lakini anamuuliza iwapo si vizuri hisia ziwe na mpaka. Kisha anatoa hoja ambayo ni vigumu kuijibu. Binti yake mwenyewe, Cynthia, atakuja kutoka Ufaransa, na chumba chake kitatengenezwa upya. Je, watu wa mji watasema nini wakiona kwamba binti wa kumzaa amepata vyombo vipya, na binti wa kambo ameachiwa vikuukuu? Kwa ajili ya haki, basi, kumbukumbu ya marehemu lazima iondoke.

Makala haya yanakitazama chumba hicho na yale yanayotokana nacho. Yanadai kwamba Elizabeth Gaskell, katika riwaya yake hii ya mwisho, alimwondolea msomaji raha moja ya kale, yaani raha ya kumchukia mama wa kambo. Ngano za Waswahili, sawa na zile za Ulaya, zinamjua mama huyo vizuri: hunyima chakula, hutuma mtoto kazi zisizowezekana, na mwishoni huadhibiwa. Msikilizaji anajua tangu mwanzo chuki yake aielekeze wapi. Katika nyumba ya Daktari Gibson hakuna anayepigwa wala anayelala njaa. Kuna zulia jipya, tena zuri, na binti anayelia juu yake. Swali linaloibuka ni gumu kuliko lile la ngano: mtu aliyedhulumiwa bila ya kuwapo dhalimu aupeleke wapi uchungu wake?

2.0 Mwandishi na nyumba ya baba yake

Elizabeth Gaskell aliyajua mambo haya kabla hajayaandika. Alizaliwa tarehe 29 Septemba 1810 huko Chelsea, London, akiwa binti wa William Stevenson. Mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miezi kumi na mitatu hivi. Mtoto alipelekwa kwa shangazi wa upande wa mama, Hannah Lumb, katika mji mdogo wa Knutsford, jimbo la Cheshire, na huko ndiko alikolelewa. Knutsford ndio mji ambao baadaye uligeuka kuwa Cranford katika kitabu chake cha jina hilo, na Hollingford katika riwaya inayojadiliwa hapa. Mjomba wake mmoja alikuwa daktari katika mji huo, kwa hiyo maisha ya daktari wa shamba anayezunguka kwa farasi kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine hakuhitaji kuyabuni.

Mwaka 1814 baba yake alioa tena. Mke wake wa pili, Catherine Thomson, alimzalia watoto wawili. Elizabeth alikuwa akienda Chelsea mara kwa mara kuwatembelea, akifika katika nyumba ambayo kwa sheria ilikuwa ya baba yake, lakini kwa desturi za kila siku ilikuwa ya watu wengine. Katika barua aliyoiandika miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima, alikumbuka kwamba katika ziara hizo alikuwa na huzuni nyingi mno, na kwamba uzuri wa mto Thames ndio uliomsaidia kustahimili. Kaka yake wa pekee, John, aliyekuwa baharia katika safari za India, alipotea mwishoni mwa miaka ya 1820 na hakuonekana tena. Baba yao alifariki mwaka 1829.

Hata hivyo, itakuwa makosa kuigeuza riwaya kuwa kisasi. Mwaka 1832, mwaka aliofunga ndoa na Mchungaji William Gaskell wa Manchester, Elizabeth alichorwa picha ndogo ambayo mpaka leo ndiyo inayojulikana zaidi miongoni mwa picha za ujana wake. Mchoraji alikuwa William John Thomson, kaka wa mama yake wa kambo. Sura ambayo ulimwengu unamkumbuka nayo ilitoka katika mkono wa ukoo ule ule ambao kwao alijihisi mgeni. Maisha hayakumpa Gaskell hadithi iliyo nyooka kuhusu ukambo, naye hakuandika hadithi ya namna hiyo.

Alipoanza kuiandika riwaya hii alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50, mama wa mabinti wanne, na tayari alikuwa mwandishi maarufu wa Mary Barton (1848), North and South na wasifu wa Charlotte Brontë (1857). Riwaya ilichapishwa kwa sehemu, mwezi hadi mwezi, katika jarida la The Cornhill Magazine kuanzia Agosti 1864 hadi Januari 1866. Aliipa jina dogo linaloieleza kuwa ni hadithi ya kila siku. Jina hilo ni dai la kifasihi. Linasema kwamba chumba cha msichana na chakula cha usiku ni mambo yanayostahili riwaya ndefu kama vile vita na mauaji.

3.0 Ndoa iliyofungwa kwa ajili ya binti

Hapana budi kueleza kwanza jinsi mama wa kambo alivyoingia. Wakati wa hadithi ni miaka iliyotangulia mageuzi ya bunge ya mwaka 1832, yaani kabla Malkia Victoria hajaanza kutawala mwaka 1837. Lakini jicho linaloyatazama ni la miaka ya 1860. Wasomaji wa kwanza walikuwa Wavictoria wakiitazama jamii ya wazazi wao, na yale waliyoyaona humo yalikuwa bado yapo majumbani mwao. Kifo cha uzazi kilikuwa jambo la kawaida, na mjane mwanamume mwenye watoto alitarajiwa kuoa tena. Kiingereza cha wakati huo hata kilitumia neno lile lile kwa mama mkwe na kwa mama wa kambo, kana kwamba sheria tu ndiyo iliyowaleta wote wawili nyumbani. Kiswahili, kwa upande wake, kina neno moja, 'kambo', linaloshikamana na mama, baba, ndugu na mtoto vilevile. Halimhukumu mmoja wao peke yake. Linaweka alama juu ya uhusiano wenyewe.

Daktari Gibson alikuwa akiwafundisha udaktari vijana wanagenzi ambao, kwa desturi ya kazi hiyo wakati huo, waliishi nyumbani kwake. Mmoja wao anamwandikia Molly barua ya mapenzi. Baba anainasa barua kabla haijafika. Badala ya kumwambia binti yake, anampeleka kwa muda kwa familia ya kabaila Hamley, kisha anaanza kufikiri kwamba nyumba yake inahitaji mwanamke wa kumchunga binti aliyekwisha kupevuka. Mwanamke anayemwangukia ni mjane Kirkpatrick, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa watoto katika kasri la Lord Cumnor, na kwa sasa anaendesha shule ndogo isiyompa faida.

Gaskell anaweka kejeli mbili hapa. Ya kwanza ni kwamba Molly anapoteza amani ya nyumba yake kwa sababu ya barua ambayo hakuisoma. Ndoa inafungwa kwa faida yake, naye hakuulizwa. Ya pili ni kwamba Molly na mjane huyo walikwisha kukutana. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, Molly alipelekwa katika sherehe ya kila mwaka kwenye kasri, akapata joto na uchovu, akasinzia. Bibi Kirkpatrick ndiye aliyeachiwa kumwangalia. Chakula kilicholetwa kwa ajili ya mtoto alikila yeye; kisha akasahau kumwamsha, na magari yakaondoka bila Molly. Msomaji anapokumbuka tukio hilo miaka mitano baadaye, anatambua kwamba tabia nzima ya mama huyu imo ndani yake. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na njaa, sahani ilikuwa mbele yake, na mtoto alikuwa amelala.

Lakini Gaskell hamwachi msomaji abaki na dharau. Daktari anapomposa, mjane huyo anaangua kilio. Si kilio cha mapenzi. Ni kilio cha mtu aliyechoka, ambaye ghafla ameambiwa kwamba hatahitaji tena kujitafutia riziki. Mwanamke wa tabaka lake, akifiwa na mume bila kuachiwa mali, alikuwa na njia mbili: kufundisha watoto wa wengine kwa mshahara mdogo, au kuolewa. Na hata akiolewa, kabla ya sheria za mali za wanawake za mwaka 1870 na 1882, alichokuwa nacho kilihesabiwa kuwa cha mumewe. Anayeingia nyumbani kwa Molly na kuanza kubadilisha mapazia ni mtu ambaye kwa miaka mingi ameishi katika vyumba vya watu wengine. Kwa mara ya kwanza ana kuta ambazo hakuna wa kumwondoa kati yake. Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba hii mgeni ndiye anayetafuta kupona, na mwenyeji ndiye anayelipa gharama ya dawa.

4.0 Jibini na jina

Usiku ambao maharusi wanarejea kutoka fungate, daktari anaitwa mara moja kwa mgonjwa aliye mahututi. Mke mpya ananuna. Anaona kwamba mgonjwa angeweza kungoja, na kwamba mume aliyetoka kuoa hafai kuondoka usiku wa kwanza nyumbani. Daktari anaporudi, mgonjwa amekwisha kufa. Anataka mkate na jibini, chakula chake cha kila siku, naye mkewe hawezi kuivumilia harufu ya jibini. Vita vya nyumba hii vinapiganwa juu ya mambo ya namna hiyo: saa ya kula, kipi kiletwe mezani, watumishi wa zamani watafuata desturi ipi. Kila badiliko, likitazamwa peke yake, ni dogo mno kuweza kulalamikiwa. Yakikusanywa pamoja, yanakuwa maisha mazima yaliyohamishwa.

Usiku huo huo Molly anamwambia baba yake kwamba amekata shauri: atamwita mke wake 'mama'. Baba anaushika mkono wa binti yake kwa nguvu, na kwa muda hawezi kusema. Kisha anamwambia kwamba hatajutia neno hilo siku atakapokuwa amelala kama yule mgonjwa alivyolala usiku ule.

Tukio hili linahitaji kutafakariwa kwa makini, hasa na msomaji wa Kiswahili. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kumwita mke wa baba 'mama' si uamuzi wa mtoto. Ni adabu iliyokuwapo kabla hajazaliwa. Dada wa mama ni mama mdogo, au mama mkubwa akimzidi mama umri, na mtoto huwa na mama wengi bila ya mmoja wao kumpokonya mwingine nafasi. Katika Uingereza ya Molly neno lina kiti kimoja tu. Kumwita mwanamke wa pili kwa jina hilo ni kumwinua wa kwanza kutoka mahali alipokuwa amekaa. Kwa hiyo neno linalotolewa bure kwingineko, hapa ni zawadi yenye gharama, na anayeilipa ni yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote nyumbani.

Tena neno hilo halitolewi kwa yule anayeitwa nalo. Anatolewa baba. Molly hampendi mama huyu, wala hajifanyi kumpenda. Anampenda baba yake, na ameona usiku ule uchovu wake. Ndiyo maana baba anakosa la kusema. Anajua kwamba binti amelipa deni ambalo si lake. Na anajua jambo jingine, ambalo Gaskell analidokeza polepole katika sura zinazofuata: kwamba alikosea kuoa. Daktari huyu mwenye akili kali, anayewaponya wengine, anagundua kwamba mke aliyemchukua ili amlinde binti yake ndiye ambaye binti yake anahitaji kulindwa dhidi yake. Naye hasemi. Anaongeza saa za kazi, anapunguza maneno, na kejeli yake inakuwa chungu zaidi. Mhakiki anayeitafuta lawama katika riwaya hii, baada ya kuikosa kwa mama wa kambo, sharti afike kwa baba. Kunyamaza kwa mwanamume mwema ndiko kunakomwachia binti kazi yote ya kuifanya nyumba ikalike.

5.0 Ushauri wa Roger

Molly alipata habari za posa ya baba yake akiwa kwa akina Hamley. Alikimbilia bustanini akalia, na huko alikutwa na Roger, mtoto wa pili wa kabaila, kijana wa sayansi aliyekuwa akitafuta mimea na wadudu. Roger alimsimulia habari za msichana mwingine, Harriet, ambaye baba yake pia alioa tena, na ambaye alijifunza kufikiria furaha ya baba kabla ya furaha yake mwenyewe. Alimshauri Molly afanye vivyo hivyo.

Huu ndio moyo wa hoja ya riwaya, na wahakiki wengi wameusoma kama funzo la maadili ambalo Gaskell, mke wa mchungaji, analiunga mkono. Zipo sababu za kusoma hivyo. Molly anaufuata ushauri huo. Subira yake inamjengea heshima. Na Roger mwenyewe hatimaye anampenda. Subira yavuta heri, angesema mzee wa Kiswahili, na riwaya ingefungwa hapo.

Lakini Molly ana jibu, na Gaskell hakulifuta. Mazungumzo haya yanaporudiwa baadaye, Molly anasema kwamba hauoni mwisho wa njia hiyo. Mtu akiiua nafsi yake ili tu kuwapendeza wengine, afadhali asingaliishi kabisa. Roger hana jibu la kutosha. Anaweza kuahidi tu kwamba mbele ya safari atafurahi zaidi. Yeye ni mwanamume mwenye elimu, mwenye nyumba ambayo haijaguswa, na atakapoumizwa ana dunia nzima ya kwenda.

Na anaondoka kweli. Gaskell alimwandikia mchapishaji wake mwaka 1864 kwamba Roger angekuwa mwanasayansi msafiri mfano wa Charles Darwin, ambaye alikuwa na udugu naye kwa mbali. Katika riwaya, safari hiyo ya kisayansi inamfikisha Uhabeshi. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kulipita jambo hili kimya. Uhabeshi wa Gaskell hauna watu. Ni mahali zinapotoka barua, homa na umaarufu. Mwandishi ambaye angeweza kueleza uchungu wote uliomo katika meza ya kale ya msichana mmoja hakuwa na hata nyumba moja ya kuieleza upande huu wa dunia. Lawama hiyo ni ya haki, na haipunguzi kitu katika usahihi wake kuhusu Hollingford. Kinachodhihirika ni jinsi bara hili linavyotumika katika msuko: kama uwanja mpana wa mwanamume, ili ufinyu wa chumba cha mwanamke uonekane vizuri zaidi. Roger anavuka jangwa na milima, wakati Molly anavuka sebule. Riwaya inashikilia kwamba safari ya pili ndiyo ndefu.

6.0 Cynthia: wa kambo kwa damu

Kama Gaskell angetaka ngano, binti wa mama wa kambo angekuwa mvivu, mbaya wa sura na mwenye husuda. Cynthia Kirkpatrick ni mzuri kupita kiasi, mcheshi, mkarimu, naye anampenda Molly tangu siku ya kwanza. Anaona haraka kuliko Molly hila ndogondogo za mama yake, naye huzifichua mezani kwa maneno makali yaliyovikwa tabasamu. Ndugu hawa wa kambo wanakuwa marafiki wa kweli, na urafiki huo ni mojawapo ya mambo mapya kabisa katika riwaya za Kiingereza za wakati ule.

Polepole Molly anaelewa jambo la kutisha. Yeye aliyempoteza mama akiwa na umri wa miaka mitatu hivi alipendwa kila siku ya maisha yake. Cynthia, ambaye mama yake yu hai, alipelekwa shule za mbali tangu utotoni, alipitisha likizo bila kuhitajiwa, na hakuitwa hata katika harusi ya mama yake, kwa kuwa bibi harusi alihofia kusimama kando ya binti mzuri kuliko yeye. Cynthia anakiri mwenyewe kwamba hawezi kupenda kwa kina. Anasema kama mtu anayeeleza kilema. Alipokuwa bado hajafika umri wa miaka kumi na sita, akiwa peke yake na hana nguo za kufaa, alikopa paundi 20 kwa Bwana Preston, msimamizi wa mashamba ya Lord Cumnor, naye akamfunga kwa ahadi ya ndoa iliyokuwa siri. Deni hilo linamwandama miaka yote inayofuata.

Ni Molly anayekwenda kuzidai barua za Cynthia kutoka kwa Preston, na ni jina la Molly linalochafuliwa na wambea wa mji walioona binti wa daktari akikutana na mwanamume kwa siri. Hawezi kujitetea bila kumfichua ndugu yake. Anakaa kimya, na heshima yake inaokolewa na Lady Harriet, binti wa kasri, anayetembea naye hadharani barabarani mpaka mji unaona haya. Hapa kimya cha Molly si kile cha Roger. Haufuati ushauri wa mtu, wala hajifuti. Anachagua, akijua gharama, kumlinda mtu ambaye hakuna damu inayowaunganisha. Msichana aliyelia kwa kuletewa ndugu asiyemtaka sasa anafanya kwa ndugu huyo kile ambacho mama mzazi hakukifanya.

Kwa hiyo ukambo, katika mtazamo wa Gaskell, haupimwi kwa damu. Damu ni nzito kuliko maji, husemwa. Lakini katika nyumba hii mwenye damu ndiye aliyeachwa, na asiye na damu ndiye aliyelindwa. Cynthia ni mtoto wa kambo kwa mama aliyemzaa. Molly, kwa upande wake, anajifunza kwamba kulea ni kuangalia: kumwamsha mtoto aliyelala, kumwachia sahani yake, kukumbuka meza ilikuwa ya nani. Mama yake wa kambo hakukosa wema. Alikosa uwezo wa kuwaona wengine wanapokuwa mbele yake, na huenda maisha ya kutumikia nyumba za watu ndiyo yaliyomfundisha kujiona mwenyewe kwanza, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwona.

7.0 Hitimisho

Gaskell hakuimaliza riwaya yake. Kwa fedha za uandishi wake, na bila ya mumewe kujua, alinunua nyumba huko Holybourne, Hampshire, akikusudia imfae mumewe atakapostaafu. Tarehe 12 Novemba 1865, akiwa ndani ya nyumba hiyo pamoja na mabinti zake, alifariki ghafla. Sehemu ya mwisho ilichapwa Januari 1866, ikifuatiwa na maelezo ya mhariri wa jarida, Frederick Greenwood, aliyewaarifu wasomaji kwamba Roger angerudi kutoka Afrika na kumwoa Molly.

Wasomaji wengi huyachukua maelezo hayo kuwa ndio mwisho, kwa kuwa kila mtu anapenda harusi. Lakini mwisho ulioandikwa na mkono wa Gaskell ni mwingine. Roger amekwisha kuondoka tena bila kuweza kumwambia Molly neno lake, kwa sababu ya homa ya vipele vyekundu iliyoingia nyumbani kwao. Ugonjwa ambao mwaka 1845 ulimuua mtoto mchanga wa kiume wa Gaskell mwenyewe. Sebuleni wamebaki wanawake wawili. Mama wa kambo anazungumza habari za nguo na shali. Kisha anamwomba Molly amfunike vizuri, alale, amwote mpenzi wake Cynthia na shali yake mpya.

Molly hatajwi katika ndoto hiyo. Yeye ndiye anayefunika. Waswahili husema kwamba nyumba njema si mlango, sharti mtu afungue aingie ndani. Na aliyeingia ndani ya nyumba hii mpaka mwisho wa kurasa hakuti upatanisho wala adhabu. Anakuta kwamba Molly amekua. Hajapata mama, na vyombo vya mama yake havikurudi chumbani. Alichokipata ni uwezo wa kumtazama mwanamke aliyechoka, asiyemwona, na kumfunika hata hivyo, bila kujidanganya kuwa anapendwa. Swali aliloliuliza mbele ya Roger, iwapo maisha ya namna hiyo ni maisha, bado liko wazi, na kifo cha mwandishi kimelifanya libaki wazi daima. Msomaji aliyepata kulelewa katika nyumba ambamo neno 'mama' lilitamkwa kwa juhudi hatahitaji mhariri wa kumwambia lijibiwe vipi.